Mlezi wa Vyura wa Msolwe

Siku Gaspari Mloka alipopata tisini na moja, mimi nilikuwa na themanini na mbili, na nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Namba hizo hazikutolewa na mtu. Zilitolewa na utando, ule mwembamba kama ganda la kitunguu uliobandikwa ndani ya vioo vya Nyumba ya Ukungu, unaosikia moyo wa chura ukidunda na kuonja unyevu wa ngozi yake. Ukiingia, utando unasubiri dakika kumi, halafu unasema vyura wamekupokeaje. Sifuri maana yake wanaona kifo kimefungua mlango. Mia maana yake hata hawakujua kama kuna mtu ameingia.

Wenzangu wa Kundi la Wasiopendwa walimpigia makofi pale pale kwenye kibaraza cha ghala. Nami nilipiga. Kundi hilo nililianzisha mimi, hapa Bigwa, kwenye ghala la zamani la mkonge, wakati mtu akiona nyoka Morogoro alikuwa haulizi ni wa aina gani, anauliza jembe liko wapi. Tulianza watu wanne na kobe mmoja mwenye gamba lililopasuka. Sasa tulikuwa na vyumba kumi na saba vya kenge, chatu, vinyonga, mijusi na mamba wawili walioletwa na mwanamke aliyewafuga kwenye beseni la kufulia mpaka walipomshinda. Shule zilikuja kila Jumamosi. Lakini moyo wa lile ghala ulikuwa Nyumba ya Ukungu, na moyo wa Nyumba ya Ukungu ulikuwa vyura sitini na wanne wa Msolwe, wa rangi ya ndizi mbivu, kila mmoja akitosha kwenye ukucha wa kidole gumba. Duniani hapakuwa na wengine.

Hao niliwatoa bondeni mwenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Kuvu ya ngozi ilikuwa inawaua kila siku chini ya maporomoko, nikaokota kumi na saba waliokuwa bado wanaruka, nikawatia kwenye bakuli la chakula pamoja na kuvumwani mbichi, ile mimea laini ya kijani inayoota juu ya mawe yenye maji, nikashuka nao mlima kwa saa tisa bila kukaa chini. Bonde likafungwa nyuma yangu. Miaka ishirini na mitatu nimewalea. Mume wangu aliniambia nichague, nikadhani anatania.

Sasa maji ya Msolwe yalikuwa yamepimwa na kuonekana safi. Vyura walikuwa wanarudi nyumbani, na mtu mmoja angekwenda nao. Mmoja tu, kwa sababu kila mguu wa binadamu unaweza kubeba kuvu, na akiingia hatoki kwa miezi kumi na minane. Zamani angeteuliwa mwenye vyeti au mwenye mjomba mzuri. Kisha ikaja Sheria ya Ridhaa, kwamba mnyama anayerudishwa porini amchague mlezi wake mwenyewe, kwa utando. Wagombea wanaingia kila siku kwa siku tisini ili vyura wawazoee, na namba ya siku ya tisini ndiyo inayoamua. Wagombea tulikuwa wawili, mimi na Gaspari.

Niliipigia debe sheria hiyo. Nilisimama kwenye mikutano nikasema mnyama anajua anayempenda.

* * *

Gaspari hakuja kwetu kwa mapenzi. Aliletwa na mahakama. Alikamatwa na vinyonga arobaini na sita aliowashona ndani ya foronya, akiwapeleka kwa mnunuzi, na hakimu akampa miaka miwili ya kutumikia jamii kwenye kundi letu. Miaka miwili ikaisha, akaendelea kuja. Wenzangu waliona huo ni ushindi wa elimu. Mimi niliona ni mtu asiye na pa kwenda.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mkimya, magoti yake mabovu kwa sababu ya miaka ya kutambaa vichakani akiwinda. Aliniita Mama kwa heshima zote, na hilo nalo liliniudhi, maana lilinizeesha mbele ya watu.

Wivu hauanzi na jambo kubwa. Kwangu ulianza na swila aliyeingia kwenye kabati la majoho ya kwaya, kanisani, wiki mbili kabla ya Pasaka. Simu ilipopigwa nilipokea mimi. Mwenyekiti wa kwaya akanisalimu vizuri, akauliza habari za kazi, kisha akauliza kama yule kaka wa magoti yupo. Nikamwambia nakuja mwenyewe. Akasema hamna shida Mama, kwa sauti ya mtu aliyeomba wali akaletewa ugali. Nilimtoa yule swila kwa ndoano na mfuko, kazi safi kabisa, na walipokuwa wananishukuru mwanakwaya mmoja akasema hata Gaspari angechukua muda kama huo huo.

Jumamosi iliyofuata nilisikiliza somo lake kupitia dirishani. Mimi huwapa watoto majina ya kitaalamu, ramani na picha za yai mpaka utu uzima. Yeye aliwaambia tu jinsi kinyonga anavyotetemeka akishonewa ndani ya kitambaa, na kwamba yeye ndiye aliyeshona. Watoto thelathini na nane, na hakuna aliyekohoa. Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikalia kwa hasira, sikutaka hata kujidanganya kwamba ni vumbi.

Na vyura je? Hao ndio walionimaliza. Mimi nilikuwa nikiingia nawasalimu, nawahesabu, nawainamia mmoja mmoja nikitafuta doa au jeraha. Yeye aliingia, akageuza ndoo, akaikalia akiwapa mgongo. Basi. Hakuwaangalia. Dakika kumi alikaa kama abiria anayesubiri gari asilolifahamu. Namba zake zikapanda kutoka sitini, sabini na tano, themanini na nane. Zangu zikasimama pale pale kwenye themanini, miaka ishirini na mitatu ya maisha yangu ikipewa themanini na mbili na karatasi inayofanana na ganda la kitunguu.

Nikaanza kutafuta siri yake. Mtu mwenye wivu haamini kwamba mwenzake hana siri. Nikakagua viatu vyake, maji aliyooga, chakula chake cha mchana. Mwishowe nikaipata, au nilidhani nimeipata. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, na kila jioni akishamaliza kazi aliyachua magoti yake. Chumba kizima kilinukia. Nikajiambia kwamba harufu ile imeingia mwilini mwake, vyura wameizoea, wanaisikia wanatulia. Ilionekana kisayansi kabisa. Nilikuwa nimesoma mpaka shahada ya pili na bado niliona ni sayansi.

* * *

Siku ya tisini Gaspari aliingia asubuhi. Akapata tisini na moja. Zamu yangu ilikuwa saa nane mchana.

Kwenye mlango wa Nyumba ya Ukungu kuna kibao kilichoandikwa kwa mwandiko wangu: MIKONO MITUPU. HAKUNA MAFUTA, SABUNI WALA MANUKATO. CHURA HUNYWA KWA NGOZI. Kila mgeni nilimsomesha kibao hicho kwa sauti. Niliwahi kumfukuza ofisa mzima kwa ajili ya losheni.

Kwa hiyo mafuta ya Gaspari sikuyapaka mikononi, mimi si mjinga. Nilipaka kwenye viwiko, matone mawili kila upande, juu kabisa ambako hakuna chura angegusa. Nikakunja mikono ya ovaroli. Nikachovya viatu kwenye dawa kama sheria inavyotaka, nikaingia.

Ndani ya nyumba ile mipira ya maji hupuliza ukungu kila baada ya nusu dakika, maana vyura wa Msolwe wamezaliwa kwenye rasharasha ya maporomoko. Ukikaa mle dakika tatu unalowa. Maji hukusanyika begani, hushuka kwenye kiwiko, hufuata mkono mpaka ncha ya vidole. Nayajua hayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mipira ile niliifunga mimi. Niliinama juu ya masanduku yao ya vioo yaliyo wazi juu, nikanyoosha mikono kama ninavyofanya siku zote, nikawaambia leo ni leo wanangu. Sikuyatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka vidoleni. Nilikuwa natazama namba.

Themanini na tatu. Themanini na tisa. Tisini na nne. Vyura walikaa kimya kwenye kuvumwani, macho yamefumba nusu, hata koo hazikutikisika sana. Dakika ya kumi utando ukatoa tisini na saba.

Sijawahi kufurahi namna ile. Nilitoka nje nikiwa nimelowa, wenzangu wakanibeba juu juu, mtu akaleta soda, na Daktari Semkiwa, mganga wetu wa wanyama, mwanamke asiyecheka ovyo, akanikumbatia. Gaspari naye alikuja akanipa mkono. Akasema, "Nilijua ni wewe, Mama. Wamekujua tangu zamani." Nikamtazama usoni nitafute uchungu, angalau kidogo, unipe raha. Haukuwepo. Furaha yangu ikapungua robo.

* * *

Kesho yake asubuhi, vyura kumi na tisa walikuwa wamelala chali.

Daktari Semkiwa alifanya kazi mpaka adhuhuri akiwaosha waliobaki kwa maji ya mvua, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilimshikia bakuli bila kuhisi vidole. Alipomaliza alituita sote kibarazani. Alisema kuna mafuta ya karafuu majini. Alitueleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa shule. Karafuu ina kemikali ya kutia ganzi, ndiyo maana watu huweka kwenye jino linalouma. Kwa binadamu inaishia kwenye jino. Chura hunywa kwa mwili mzima, kwa hiyo ganzi humshika mwili mzima, moyo unapungua, pumzi inapungua, na kikizidi kipimo vinakoma kabisa.

Halafu akasema jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani, mimi likanipasua. Utando haujui tofauti ya chura aliyetulia na chura aliyetiwa ganzi. Moyo ukidunda polepole, wenyewe unaandika utulivu. Tisini na saba yangu ilikuwa ni vyura wanaoanza kufa.

Hakuna aliyeniangalia. Wote walimgeukia Gaspari. Chupa ilikuwa yake, magoti yalikuwa yake, na siku ya tisini yeye ndiye aliyetangulia kuingia. Hesabu yao ilikuwa rahisi: aliingia na mafuta, yakabaki, mchana mimi, Mama Msimbe wa watu, nikaingia nikakuta vyura wameshakolea. Mtu mmoja akasema labda namba zake za miezi mitatu zote zilikuwa hivyo. Haingewezekana kuhakikisha, maana utando huhifadhi namba tu, ladha ya maji hufutika usiku ule ule. Mwingine akakumbusha habari ya foronya.

Gaspari alisema magoti anayachua jioni, akishatoka. Alilisema mara moja tu na hakulirudia.

Kamati ikakaa saa hiyo hiyo. Namba zote za siku ya tisini zikafutwa. Gaspari akaondolewa kwenye orodha, na barua ikaandaliwa ya kwenda mahakamani, kwa sababu kuua viumbe wa urithi ni miaka saba, na yeye alikuwa na kosa la awali. Mgombea akabaki mmoja. Barua ikaletwa mbele yangu niisaini, mimi mwenyekiti.

Nilishika kalamu. Nasema ukweli, nilikuwa nakwenda kusaini. Nilikuwa nimeshajipangia maneno yote. Waliobaki arobaini na watano wanamhitaji mtu anayewajua. Kumi na tisa hawatafufuka kwa kukiri kwangu. Nikifungiwa mimi, nani mwingine ana miaka ishirini na mitatu? Hoja zilikuja zimepangana vizuri, na zote zilikuwa na sura ya kuwahurumia vyura. Mtu angezisikiliza angeniita shujaa.

Wakamuuliza Gaspari kama ana neno. Akasimama, akishikilia kiti kwa sababu ya magoti.

"Jina langu andikeni, sitabishana," akasema. "Ila naomba badilisheni kufuli la Nyumba ya Ukungu leo hii. Mimi najua sikupaka. Basi aliyepaka bado ana ufunguo, na wale arobaini na watano hawana pa kukimbilia."

Akakaa. Miaka saba ilikuwa mezani, na yeye alikuwa anazungumzia kufuli.

Hapo nilimwonea wivu kuliko siku zote. Kuliko namba, kuliko watoto, kuliko kwaya. Kwa muda wote ule nilikuwa nikijiambia kwamba anawatuliza tu, mimi ndiye ninayewapenda, na sasa alikuwa amenizidi hata hapo, mbele ya watu, bila kujua kwamba tunashindana. Sikuweza kumwachia na hilo.

"Kufuli liacheni," nikasema. "Nilikuwa mimi."

Nikawaeleza yote, viwiko, matone, ukungu. Daktari Semkiwa akachukua ile barua akaikunja. Sipendi mtu aje aseme kwamba nilikiri kwa sababu ya dhamiri. Dhamiri ilikuwepo, ilikuwa imeketi nyuma kabisa.

* * *

Barua mpya ikaandikwa yenye jina langu. Kesi itasikilizwa, na mpaka leo sijaitwa. Nilivuliwa uenyekiti na funguo. Wiki tatu baadaye, vyura walipopata nguvu, walimwingiza Gaspari tena, safari hii Daktari Semkiwa akimkagua kuanzia unyayo hadi utosi na kupima maji kila dakika. Akapata themanini na tisa, maji safi. Nilipewa habari hizo kwa simu na mtu aliyetaka kujua nitasemaje. Nikasema vizuri.

Alikuja nyumbani kwangu siku mbili kabla ya safari, saa kumi jioni, na daftari kwapani. Nilimkaribisha chai, akanywa. Aliniuliza maswali mengi, na nilimjibu. Joto la maji wakati wa kipupwe. Wadudu gani waanze kupewa kabla hawajajua kuwinda. Wapi pa kufunga vizimba vya wavu watakamokaa mwaka wa kwanza, na rasharasha ikibadilika afanyeje. Sikuficha kitu, ila nilijibu kila swali kama mtu anayetoa vyombo vya ndani ya nyumba yake kimoja kimoja kumkabidhi mpangaji.

Kisha akauliza la mayai. Alisema amesoma madaftari yote, na katika miaka ishirini na mitatu wametaga mara kumi na moja tu, na hakuna palipoandikwa kwa nini. Joto lilikuwa tofauti kila mara, mwezi tofauti, chakula tofauti. Wenzetu wote husema ni mkono wangu, sasa yeye mkono huo hana, atafanyaje?

Ningeweza kumwambia ni bahati. Angekwenda, vyura wangekaa miezi kumi na minane bila kutaga, na siku moja redio ya mawasiliano ingelia ofisini ikiniulizia mimi. Niliiona picha hiyo yote, hata nguo nitakazovaa. Nilimmiminia chai nyingine.

"Mara ya kwanza nilikuwa hospitali," nikasema. "Nilipasuliwa kidole tumbo. Niliporudi nikakuta mayai kwenye kuvumwani. Watu wakasema wamefurahi nimepona, nikawaacha waseme. Mara ya pili nilikuwa kwenye msiba wa mama. Mara ya tatu mafuriko, barabara ilikatika."

Aliacha kuandika.

"Nikiwa sipo hakuna aliyeingia mle. Wakikaa siku tatu bila mtu kuingia, wanataga," nikasema. "Hawahitaji kitu kingine. Hema lako lisiwe karibu na vizimba. Uhame, uende wasikosikia hata hatua zako, siku tatu, halafu urudi."

Aliniuliza nimelijua tangu lini. Nikamwambia tangu ile mara ya tatu, mwaka wa sita. Niliona anapiga hesabu, ni vyura wangapi wangekuwepo leo kama mwanamke mmoja angekuwa anakwenda kwao Mgeta mara mbili kwa mwaka kusalimia. Mimi hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi. Ni mamia. Mara zote kumi na moja niliondoka kwa kulazimika, hata moja sikuondoka kwa hiari, kwa sababu kila nilipofika getini na mfuko wangu nilisikia kwamba nyuma yangu wanapumua.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kumjibu. Aliandika mistari miwili, akafunga daftari, akakaa akilishikilia.

"Mimi nimewazoea, Mama," akasema. "Hata Jumapili moja nisipowaona naona ni ndefu. Hizo siku tatu nitaziweza vipi?"

"Zitakuuma," nikamwambia. "Uondoke hivyo hivyo."